Kikokotoo: usiishie kwenye asilimia

Tangu mwaka 2018 neno kikokotoo, yaani fomula ya kukokotoa mafao ya kustaafu hapa Tanzania, limetoka kwenye meza za wahasibu likaingia vijiweni, kwenye ofisi za walimu na kwenye makundi ya WhatsApp ya watumishi. Kila mara mjadala unaishia kwenye asilimia ya pensheni inayolipwa kwa mkupuo siku ya kustaafu: 25, 33, 40, 50. Sikatai kwamba asilimia ina uzito wake. Lakini ni kipengele kimoja kati ya vitano vya fomula, na mwanachama mmojammoja hana namna ya kukibadilisha. Idadi ya miezi na kumbukumbu za mshahara ziko karibu na mkono wake, na ndizo zinazoharibika kimyakimya kwa miaka ishirini bila mtu kushtuka.

Basi tuanze na fomula yenyewe. Malipo ya mkupuo, yale ambayo wengi bado wanayaita kiinua mgongo, yanapatikana hivi: moja ya 580, mara idadi ya miezi uliyochangia, mara mshahara wa mwaka unaotumika kukokotoa pensheni, mara asilimia ya mkupuo, mara 12.5. Pensheni ya mwezi inatumia vitu vilevile isipokuwa 12.5: moja ya 580, mara miezi, mara mshahara wa mwaka, mara asilimia iliyobaki, kisha unagawa kwa 12.

Chukua karatasi na kalamu. Tuseme mtumishi amechangia miezi 360, yaani miaka 30 kamili, na mshahara wake wa kukokotolea ni shilingi 1,200,000 kwa mwezi, sawa na 14,400,000 kwa mwaka. Zidisha 14,400,000 kwa 360, gawa kwa 580. Unapata 8,937,931. Hiyo ndiyo pensheni yake kamili ya mwaka kabla ya kukata chochote. Ishike hiyo namba, kwa sababu asilimia zote zinazogombewa zinakuja kuigawa hiyo.

Kwa asilimia 25 anaondoka na mkupuo wa 27,931,034 na pensheni ya 558,621 kila mwezi. Kwa asilimia 33 mkupuo ni 36,868,966 na mwezi ni 499,034. Kwa asilimia 35 ni 39,103,448 na 484,138. Kwa asilimia 40 ni 44,689,655 na 446,897. Mkupuo ukipanda, pensheni ya mwezi inashuka. Hakuna asilimia inayoongeza vyote viwili, na yeyote anayekuahidi hivyo hajakaa na kikokotoo.

Sasa tazama hiyo 12.5, maana ndiyo kiini cha jambo lote na karibu hakuna anayeizungumzia. Inamaanisha kwamba kila shilingi ya pensheni ya mwaka unayokubali kuiacha, mfuko unakulipa leo shilingi 12 na senti 50. Yaani unauza miaka kumi na miwili na nusu ya sehemu hiyo ya pensheni. Kutoka asilimia 33 kwenda 40, mtumishi wetu anapata 7,820,690 zaidi siku ya kwanza na anapoteza 52,138 kila mwezi hadi mwisho wa maisha yake. Gawa ya kwanza kwa ya pili: miezi 150. Aliyestaafu akiwa na miaka 60, akivuka miaka 72 na miezi sita, kuanzia hapo pensheni ndogo ya kila mwezi inamgharimu kuliko ule mkupuo mkubwa ulivyomfaa, isipokuwa kama fedha ile aliizalisha. Kila mtu anajua afya yake, madeni yake na kama nyumba imeisha au bado iko kwenye lenta. Hesabu haimwamulii mtu, lakini afadhali aamue akiwa ameiona.

Fomula ya zamani ya PSPF na LAPF, mifuko ya pensheni ya watumishi wa serikali na wa serikali za mitaa, ilikuwa nyingine kabisa. Iligawa kwa 540 badala ya 580, mkupuo ulikuwa asilimia 50, na kizidishio kilikuwa 15.5. Tena ilitumia mshahara wa mwisho, siyo wastani. Mtumishi yuleyule, hata tukimwekea mshahara uleule wa 1,200,000, pensheni yake kamili ya mwaka inakuwa 9,600,000. Nusu yake mara 15.5 ni mkupuo wa 74,400,000, na bado anabaki na 400,000 kila mwezi. Ukiweka 74,400,000 karibu na 44,689,655 unaelewa mara moja kwa nini walimu, wauguzi na watumishi wa halmashauri walipaza sauti. Hasira ile haikutoka hewani. Mtu alikuwa amepanga maisha yake kwa hesabu moja kwa miaka thelathini, kisha hesabu ikabadilishwa akiwa mlangoni.

Upande wa pili wa daftari nao usomwe. Mchango wa mtumishi wa umma ni asilimia 20 ya mshahara: asilimia 5 inakatwa kwake na asilimia 15 inatoka kwa mwajiri. Hata kama mtumishi huyu angelipwa 1,200,000 tangu siku ya kwanza ya ajira, jambo ambalo halitokei, michango yake na ya mwajiri kwa miezi 360 ingekuwa 86,400,000 kabla ya faida ya uwekezaji. Mkupuo wa zamani ulichukua 74,400,000 kati ya hizo siku moja, halafu pensheni ya maisha ikaanza kudaiwa. Kwa mtu ambaye mshahara wake ulianza chini ukapanda mwishoni, pengo ni kubwa zaidi, kwa kuwa michango ya miaka ya mwanzo ilikuwa midogo lakini mafao yanakokotolewa kwa mshahara wa mwisho. Faida ya uwekezaji ndiyo ilitakiwa kuziba pengo hilo, na faida haiwezi kuja kwenye fedha ambayo haijaletwa.

Hapo ndipo lilipo deni ambalo watu wa sekta wanaliita deni la kabla ya 1999. Kabla ya Julai 1999, watumishi wa serikali kuu hawakuchangia pensheni. Waliostaafu walilipwa moja kwa moja kutoka hazina. Sheria Na. 2 ya 1999 iliyoanzisha PSPF ikafungua mfumo wa kuchangia, na mfuko mpya ukabeba pia jukumu la kuwalipa watumishi kwa miaka waliyofanya kazi kabla ya mfuko kuwepo, kwa makubaliano kwamba serikali ingeleta fedha za miaka hiyo. Fedha hizo zilikuja kwa kusuasua. Mfuko ukawa unalipa wastaafu wa zamani kwa michango ya watumishi vijana. Desemba 2021 serikali ilitoa hatifungani maalumu isiyo ya fedha taslimu yenye thamani ya takriban shilingi trilioni 2.17 kupunguza deni hilo. Ni hatua kubwa na inastahili kusemwa hivyo. Lakini hatifungani si fedha mkononi. Inalipa riba kwa ratiba na inaiva baada ya miaka mingi, wakati mstaafu wa mwezi huu anasubiri malipo mwezi huu.

Ukishaliona deni hilo, mabadiliko ya sheria yanaanza kueleweka, hata pale usipoyakubali.

Hadi mwaka 2018 Tanzania Bara ilikuwa na mifuko mitano ya pensheni. NSSF, iliyozaliwa mwaka 1997 kutoka mfuko wa akiba wa NPF wa mwaka 1964, ilihudumia zaidi sekta binafsi. PPF ilianza mwaka 1978 kwa ajili ya mashirika ya umma. PSPF ilikuwa ya watumishi wa serikali, LAPF ya serikali za mitaa, na GEPF ilitokana na mfuko wa akiba wa watumishi wa serikali. Kila mmoja ulikuwa na sheria yake, bodi yake, majengo yake na fomula yake, na maofisa wa mifuko walikuwa wakigombania wanachama wapya milango ya vyuo vikuu. Mwaka 2014 kanuni za kuoanisha mafao zilileta moja ya 580, mkupuo wa asilimia 25 na 12.5 kwa wanachama wapya kuanzia Julai mwaka huo, huku wanachama wa zamani wa PSPF na LAPF wakibaki na fomula yao. Hivyo chumba kimoja cha walimu kikawa na watu wawili wa mshahara mmoja na pensheni mbili tofauti.

Sheria Na. 2 ya 2018 ikaunganisha PSPF, LAPF, GEPF na PPF kuwa mfuko mmoja wa watumishi wa umma, PSSSF, uliofungua milango tarehe 1 Agosti 2018. NSSF ikapewa sekta binafsi na waliojiajiri. Mpaka kati ya mifuko hiyo miwili ni mwajiri: utumishi wa umma, taasisi za serikali na kampuni ambazo serikali ina zaidi ya asilimia 30 ya hisa ni PSSSF, wengine ni NSSF. Zanzibar haimo humu. Hifadhi ya jamii kule ina sheria yake na mfuko wake, ZSSF, ulioanzishwa mwaka 1998.

Kanuni za mwaka 2018 zilitaka wote waende kwenye asilimia 25. Kelele zilikuwa kubwa kiasi kwamba tarehe 28 Desemba 2018 Rais Magufuli alisitisha na kurudisha vikokotoo vya zamani kwa kipindi cha mpito hadi 2023. Mpito haukufika huko. Kuanzia tarehe 1 Julai 2022 fomula moja ikaanza kutumika kwa mifuko yote miwili: moja ya 580, 12.5 na mkupuo wa asilimia 33. Waliokuwa kwenye asilimia 25 walipanda, waliokuwa kwenye 50 walishuka. Kisha hotuba ya bajeti ya Juni 2024 ikatangaza asilimia 40 kwa kundi lililoshushwa kutoka 50, na asilimia 35 kwa kundi lililokuwa 25 kabla ya kupandishwa 33. Angalia vizuri kilichobadilika hapo. Ni asilimia tu. 580 imebaki, 12.5 imebaki, wastani wa mshahara umebaki. Kwa hiyo anayesema kikokotoo cha zamani kimerudishwa anapotosha. Kama uliwahi kuhama mfuko au uliajiriwa karibu na mwaka 2014, uliza mfuko kwa maandishi wewe uko kundi lipi, upate jibu kwa maandishi. Jibu la mdomo kaunta halikusaidii siku ya malipo.

Turudi kwenye miezi, maana hapa ndipo watu wanaumia zaidi.

Sharti la kupata pensheni ya kila mwezi ni michango isiyopungua miezi 180. Inayohesabiwa ni miezi iliyochangiwa, siyo miaka ambayo mtu amefanya kazi. Mtu aliyefanya kazi miaka kumi na tano na siku kadhaa, lakini mwajiri wake hakuwasilisha michango ya miezi mitatu, ana miezi 177 na pengine kidogo zaidi. Anapewa malipo ya mkupuo maalumu na hapati pensheni ya mwezi. Miezi mitatu ya uzembe wa ofisi ya uhasibu inamnyima mtu kipato cha uzeeni chote.

Hata ukiwa mbali na mstari wa 180, kila mwezi una bei. Kwa mtumishi wetu wa 1,200,000, mwezi mmoja unaokosekana unapunguza pensheni kamili ya mwaka kwa 24,828. Ikikosekana miezi 24, kwa asilimia 40 mkupuo unapungua kwa 2,979,310 na pensheni ya mwezi inapungua kwa 29,793, mwezi baada ya mwezi, maisha yote. Linganisha na ile tofauti ya asilimia 33 na 35 inayojaza magazeti: kwenye mkupuo ni 2,234,483. Miezi 24 iliyopotea inauma kuliko hiyo, na haina mbunge wa kuisemea.

Miezi inapoteaje? Njia ni chache na zinajirudia. Mwajiri anakata mchango wa mfanyakazi kwenye hati ya mshahara lakini hapeleki. Sheria inamtaka awasilishe ndani ya mwezi mmoja baada ya mwezi husika kwisha, na akichelewa anatozwa adhabu, lakini adhabu inadaiwa na mfuko na wewe unaendelea kusoma sifuri kwenye taarifa yako. Au anapeleka fedha bila orodha sahihi ya majina, fedha ikakaa kwenye akaunti ya mwajiri ndani ya mfuko bila kugawiwa kwa wanachama. Au namba ya uanachama imekosewa tarakimu moja, michango yako ikaingia kwa mtu mwingine. Au ulikuwa na namba mbili, moja ya PPF na moja ya LAPF, na hazikuunganishwa mifuko ilipoungana. Watumishi wa halmashauri wanaolipwa kwa mapato ya ndani na walimu wa shule binafsi ndio ambao ningewahimiza kwanza wakaangalie, kwa sababu mishahara yao haipiti kwenye mfumo wa hazina unaokata na kupeleka kwa pamoja.

Aliyehama kutoka sekta binafsi kwenda serikalini, au kinyume chake, hapotezi miezi yake ya nyuma. Sheria inaruhusu kuunganisha vipindi vya michango vya mifuko tofauti ili kutimiza miezi 180. Ila muunganisho huo unategemea kumbukumbu za pande zote mbili kusomana, jina kwa jina na tarehe kwa tarehe. Kama ulifanya kazi miaka sita kwenye kampuni ukiwa NSSF, kisha ukaajiriwa na halmashauri, usisubiri miaka 60 ndipo uanze kutafuta namba yako ya NSSF na barua ya kuacha kazi. Kampuni zinafungwa, wahasibu wanahama, makabati yanachomwa.

Kwenye mshahara nako kuna jambo la kuelewa. Fomula ya sasa inachukua wastani wa mishahara bora ya miaka mitatu ndani ya miaka kumi kabla ya kustaafu. Posho haziingii. Zamani PSPF ilitumia mshahara wa mwisho, na kulikuwa na mazoea ya kumpandisha mtu cheo miezi michache kabla ya kuondoka, kama zawadi ya kumsindikiza. Leo zawadi hiyo imepungua nguvu. Mtu akiwa na 1,000,000 kwa miezi 24 na 1,300,000 kwa miezi 12 ya mwisho, wastani ni 1,100,000. Kwa fomula ya zamani angekokotolewa kwa 1,300,000. Kwa hiyo upandishwaji cheo uliocheleweshwa miaka mitatu kabla ya kustaafu siyo tu mshahara uliokosa wakati ule, ni pensheni ndogo ya kudumu. Barua ya kupandishwa daraja ikitoka lakini mshahara usibadilishwe kwenye mfumo kwa mwaka mzima, fuatilia siyo malimbikizo tu, fuatilia na michango ya malimbikizo hayo iingie kwenye miezi yake.

Kingine ambacho sheria haikutoa ni ongezeko la moja kwa moja la pensheni bei zinapopanda. Nyongeza inategemea tathmini ya uhai wa mfuko na uamuzi unaofuata. Laki nne na nusu ya leo, ikikaa miaka kumi bila kuguswa, haitanunua inachonunua leo. Wanaotetea mkupuo mkubwa wanaitumia hoja hii, na ni hoja yenye nguvu kuliko wanavyopewa sifa.

Nani basi anausimamia mfuko? PSSSF ina bodi ya wadhamini yenye wawakilishi wa serikali, waajiri na wafanyakazi. Mwenyekiti anateuliwa na Rais na wajumbe wanateuliwa na Waziri. Uwekezaji unaongozwa na miongozo inayohusisha Benki Kuu, inayoweka ukomo wa kiasi gani kiende kwenye hatifungani, majengo, hisa na kadhalika. Hesabu zinakaguliwa na Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, na ripoti yake hutoka hadharani kila mwaka.

Palipopungua ni kwa msimamizi wa nje. Sheria Na. 8 ya 2008 ilianzisha SSRA, mamlaka ya kusimamia na kudhibiti sekta nzima ya hifadhi ya jamii. Ndiyo iliyosukuma kanuni za kuoanisha mafao, ilipokea malalamiko ya wanachama na ilikuwa na uwezo wa kuibana mifuko. Mageuzi yaliyofuata kuunganishwa kwa mifuko yaliivunja, kazi zake zikahamia Ofisi ya Waziri Mkuu. Hoja inaeleweka: mifuko ikibaki miwili, kwa nini uwe na mamlaka nzima ya kuidhibiti? Mimi naona ilikuwa kosa. Serikali ndiyo mwajiri mkubwa kuliko wote anayetakiwa kuleta michango, ndiyo mkopaji mkubwa wa fedha za mfuko kupitia hatifungani, ndiyo inayoteua bodi, na sasa ndiyo inayokagua kama bodi inatenda haki. Deni la kabla ya 1999 lilikua kwa miaka mingi hasa kwa sababu hakukuwa na mtu wa nje mwenye meno ya kumwambia mwajiri mkubwa alete fedha. Mfuko mmoja mkubwa unahitaji jicho la nje zaidi ya mifuko mitano midogo, kwa kuwa ukiyumba hakuna wa jirani wa kukimbilia. Vyama vya wafanyakazi vinapokaa mezani kudai asilimia, vidai na hili.

Kwa sasa anayewajibika kusoma ni mwanachama na chama chake. Ripoti ya mkaguzi ikitoka, tafuta mambo matatu: michango ambayo waajiri hawajawasilisha, madai ya mfuko kwa serikali, na faida ya uwekezaji ikilinganishwa na mfumuko wa bei. Ukurasa wa picha za majengo unaweza kuuruka.

Kuhusu aliyepoteza kazi kabla ya kustaafu, sheria imebadilika na wengi bado wana taarifa za zamani. Fao la kujitoa, la kuchukua michango yote ukiacha kazi, lilijaribiwa kufutwa mwaka 2012 na likazua mgogoro mkubwa, hasa migodini. Mwaka 2018 nafasi yake ikachukuliwa na fao la kukosa ajira. Aliyechangia angalau miezi 18 na kuachishwa kazi bila kupenda kwake analipwa theluthi moja ya mshahara kwa miezi sita. Aliyechangia chini ya miezi 18 anapata nusu ya michango yake mwenyewe kwa mara moja. Aliyeandika barua ya kuacha kazi kwa hiari hapati fao hili, kwa hiyo soma vizuri unachosaini. Kuna waajiri wanaomshawishi mfanyakazi ajiuzulu ili mambo yaishe kwa amani, na amani hiyo inamgharimu.

Mambo ya kufanya hayahitaji wakili. Mtumishi wa umma apakue PSSSF Kiganjani au aingie kwenye tovuti ya wanachama, wa NSSF aombe taarifa ya michango ofisini au mtandaoni. Weka taarifa hiyo kando ya hati zako za mshahara na upige tiki mwezi kwa mwezi. Usiangalie jumla ya chini. Jumla inaweza kuonekana nono huku miezi kumi na mmoja ikiwa haipo katikati, kwa mfano mwaka uliohamishwa kituo. Palipo na pengo, andika barua kwa mwajiri, nakala kwa mfuko, uambatishe hati za mshahara za miezi hiyo zinazoonyesha makato. Hati ya mshahara yenye makato ndiyo ushahidi wako mkubwa, kwa hiyo usizitupe. Barua igongwe muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yako. Wasipojibu, peleka nakala hiyo yenye muhuri ofisi ya mfuko ya mkoa, na ikishindikana Ofisi ya Waziri Mkuu inayoshughulikia hifadhi ya jamii.

Linganisha pia jina na tarehe ya kuzaliwa kwenye kitambulisho cha NIDA, barua ya ajira ya kwanza, kumbukumbu za mfuko na akaunti ya benki. Herufi moja tu, Mwanaidi kwa Mwanahidi, inatosha kuzuia malipo kwa miezi. Tofauti ya jina inarekebishwa kwa hati ya kisheria, na ni rahisi kuifanya ukiwa bado kazini na ofisa utumishi anakufahamu. Tarehe ya kuzaliwa ni ngumu zaidi: ile uliyojaza ulipoajiriwa mara ya kwanza ndiyo inayotumika, hata ukileta cheti kipya.

Kwa watumishi wengi, kustaafu kwa hiari ni miaka 55 na kwa lazima ni 60. Ukibakiwa na mwaka mmoja, kusanya kwenye faili moja barua ya ajira, ya kuthibitishwa kazini, za kupandishwa cheo, za uhamisho na hati ya mwisho ya mshahara, nakala mbili za kila moja. Faili moja mpe mtu wa nyumbani anayeaminika na umwonyeshe namba yako ya uanachama imeandikwa wapi. Ukitangulia kabla ya malipo, yeye ndiye atakayesimama dirishani kudai mafao ya warithi, na swali la kwanza atakaloulizwa ni hiyo namba.